Baba Mkwe Alipoitwa Wodi ya Wazazi

Baba mkwe wangu ana mvi mpaka kwenye nyusi, na Jumanne moja asubuhi hospitali ilimtumia ujumbe kwenye simu kumwambia aende akajifungue.

Akaenda.

Naomba msicheke kwanza. Au chekeni tu, hata mimi sasa nacheka. Ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke, maana mfumo uliotuma ujumbe ule, mtu wa mwisho kuugusa nilikuwa mimi.

Nianze na mzee mwenyewe.

Ni askari magereza mstaafu. Sote tunamwita Afande, hata mama mkwe anamwita hivyo. Maisha yake yote amepokea amri na kutoa amri, na kwake kitu kikishaandikwa hakiulizwi, kinatekelezwa. Alinioza binti yake kwa shingo upande, kwa sababu hakuielewa kazi yangu.

"Unakaa kwenye kiti, unabonyeza vidude. Halafu?"

"Halafu inatoka programu, baba."

"Programu ya nini?"

"Ya kuwaita wagonjwa hospitalini."

Akatikisa kichwa. "Basi siku mgonjwa akipotea, tutajua pa kuanzia."

Mdomo huumba, jamani. Mdomo huumba.

Afande alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, la kulia lilibaki na ukungu. Mimi na mke wangu tulipojaliwa binti, tukampa jina la marehemu mama yake Afande, na mzee hakuwahi kuuona uso wa mjukuu. Alikuwa anampakata, ananusa utosi, anasema, "Huyu ni mama yangu kabisa." Sura aliipata kwa pua. Mke wangu akisikia hivyo alikuwa anakwenda jikoni kulia.

Sasa, kuna daktari bingwa wa macho ambaye alikuwa anakuja hospitali yetu kwa wiki moja tu, akiondoka hajulikani atarudi lini. Afande alingoja zamu yake mpaka akachoka kuuliza. Hatimaye jina likaingia kwenye foleni. Kilichobaki ni ujumbe wa kumwambia siku na saa.

Ujumbe ambao ungetumwa na mfumo wa kampuni yetu.

Twende ofisini sasa.

Watu wa programu hatuandiki kila kitu wenyewe. Tunatumia maktaba. Si ile ya vitabu. Ni kazi aliyokwisha kuifanya mtu mwingine akaiacha wazi, wewe unachukua unatumia, badala ya kutwanga unga wako nyumbani unanunua uliosagwa. Ndani ya maktaba kuna vipande vyenye majina, kila kimoja na kazi yake. Tunaviita funksheni.

Yetu iliitwa Zamu. Na ndani ya Zamu kulikuwa na funksheni moja, itaMgonjwa, iliyofanya kazi bila kukohoa tangu kampuni inaanzishwa.

Tatizo lake moja tu: ilikuwa imestaafishwa.

Yaani wenye maktaba wametengeneza mpya, hii ya zamani wameiacha ipo ila wanakwambia usiitumie. Kila tukiwasha mfumo, maandishi ya njano yanajaa kwenye skrini: "Onyo! itaMgonjwa imestaafishwa. Tumia itaMgonjwaSasa."

Tulizoea. Mwenzangu mmoja, mkongwe wa ofisi tuliyemwita Kobe, alinifundisha siku ya kwanza tu.

"Mdogo wangu, ukiona njano, shukuru Mungu. Nyekundu ndiyo mbaya. Njano ni kelele za chura."

Na Kobe alikuwa sahihi, mpaka bosi akaleta wageni.

Bosi wetu tulimwita Slaidi. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akiandika mstari mmoja wa programu, ila slaidi, weeee! Anaweza kukuandalia slaidi za kuomba maji ya kunywa. Ukutani nyuma ya kiti chake alitundika fremu ya dhahabu, ndani yake ukurasa wa Zamu unaoonyesha majina ya wachangiaji wa maktaba, jina lake likiwa katikati, limezungushiwa kalamu nyekundu. Chini kaandika: MCHANGIAJI WA KIMATAIFA.

Alichangia nini? Hatukujua. Kila kikao alikuwa anatukumbusha kwamba alichangia, ila nini hasa, hasemi.

Basi siku hiyo wageni wako nyuma yake, skrini kubwa inawaka, njano tupu.

"Hii njano ni ya nini?" mgeni mmoja akauliza.

Slaidi akacheka kicheko cha meno ya mbele. Wageni walipoondoka tu akaniita.

"Fundi, kampuni yangu haina maonyo. Ondoa."

"Bosi, ili yaondoke inabidi tuhamie kwenye funksheni mpya, na maelezo yake..."

"Maelezo ya Zamu yako wazi kama mchana. Mimi ni mchangiaji. Ondoa."

Kobe alipita nyuma yangu akininong'oneza, "Yafiche tu yasionekane, mambo mengine mwachie Mungu." Ningemsikiliza! Lakini mimi nikajitia uungwana wa kazi. Nikasema nitafanya inavyotakiwa, nitasoma maelezo kwanza.

Nikafungua ukurasa wa itaMgonjwa. Umeandikwa: "Imestaafishwa. Tazama itaMgonjwaSasa."

Sawa. Nikafungua ukurasa wa itaMgonjwaSasa.

"Inachukua nafasi ya itaMgonjwa. Tofauti ni ndogo. Kwa maelezo zaidi, tazama itaMgonjwa."

Nikarudi kule. Kule kukanirudisha huku. Nikajiona mjinga anayetumwa dukani, na muuza duka naye anamrudisha kwa aliyemtuma.

Tofauti ndogo gani? Haikusemwa. Kulikuwa na mfano mmoja umeandikwa: itaMgonjwaSasa(x). Na hiyo x ni nini? Chini yake wameeleza kwa huruma zao: "x ni x inayohitajika."

Nikaenda kwenye baraza la mtandaoni la watumiaji wa Zamu. Nikakuta mtu ameshauliza swali langu lilelile miaka iliyopita. Roho ikatulia. Jibu la kwanza: "Soma maelezo." La pili: "Na mimi nangoja jibu." La tatu, kutoka kwa yuleyule aliyeuliza: "Nimeshapata, asanteni sana."

Umepata nini, ndugu yangu? Umepata nini ukaondoka nacho? Mtu wa namna hiyo hata kaburini atakwenda na chumvi ya jirani.

Basi nikabadilisha. Nikajaribu kwa wagonjwa wa kubuni. Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi: kwa uvivu, wagonjwa wangu wote niliwapa jina moja, Mgonjwa Majaribio, na ujumbe mmoja, "Fika kesho." Nikabonyeza. Wagonjwa Majaribio wakaambiwa wafike kesho, sikuwahesabu. Safi! Njano zote zimeisha. Slaidi akanipiga bega mbele za watu.

Jumanne asubuhi mke wangu akapiga simu.

"Baba watoto, baba yuko wodi ya wazazi."

"Amekwenda kumwona nani?"

"Hajaenda kumwona mtu. Ameitwa."

Nilifika hospitalini nimevaa viatu bila soksi. Nikampata korido ya wazazi, kwenye benchi, kakaa wima kama yuko gwaride. Kushoto kwake wajawazito, kulia kwake wajawazito. Mapajani ana beseni jipya, ndani ya beseni kuna pamba, wembe na vinguo vya mtoto vilivyokunjwa vizuri. Mama mkwe alimsomea ujumbe, na yeye akaleta kila kilichotajwa.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Natii amri."

"Baba, hii ni wodi ya wazazi!"

"Najua. Macho ndiyo mabovu, masikio mazima. Nimewasikia wanavyolia."

"Sasa hukushangaa?"

Akalipapasa beseni lake.

"Mkwe, nimeungoja ujumbe huu mpaka nimekonda. Ningekwenda kubishana nao, wangenifutia jina. Wewe ungenipa jicho?"

Nikachuchumaa mbele yake, nikalishika lile beseni.

Muuguzi mmoja akapita akaangua kicheko. "Babu, mtoto wa jicho hazaliwi huku!" Benchi zima likacheka. Afande hakucheka, na mimi niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nikakimbia wodi ya macho. Kule nako kimewaka. Kitandani kwa Afande kalala kijana mmoja, shavu limevimba kama amebana andazi, jicho la kulia limeshatiwa dawa, machozi yanamtiririka.

"Sista, mimi nimekuja kung'olewa jino!"

"Tulia. Wote mkiona vifaa mnaanza visingizio."

"Jino, sista! Liko huku chini!"

Daktari bingwa ndiye aliyemwokoa, kwa kuuliza umri wake. Na nje huko, mjamzito aliyestahili lile benchi la wazazi alikuwa anabishana na mtu wa mifupa, kwa sababu ujumbe wake ulimtaka aje akatolewe plasta ya mguu. Foleni nzima ilikuwa hivyo. Kila mtu alipata ujumbe wa anayemfuata, isipokuwa wa mwisho, ambaye hakupata kitu. Huyo alilala kwake kwa amani.

Nikaelewa palepale, nimesimama katikati ya korido.

Sisi watu wa programu tuna ugonjwa wetu. Mtu mwenye akili zake akihesabu anaanza na moja. Sisi tunaanza na sifuri. Funksheni ya zamani ilihesabu kama watu, wa kwanza ni wa moja. Mpya inahesabu kama sisi, wa kwanza ni wa sifuri. Kwa hiyo ukiitaka ikupe ujumbe wa mtu wa pili, inakupa wa mtu wa tatu.

Hiyo ndiyo tofauti ndogo.

Nikapiga simu kwa Kobe, akairudisha itaMgonjwa kazini siku hiyohiyo, na ujumbe ukaanza kwenda kwa wenyewe. Imestaafishwa, lakini inachapa kazi kuliko walioajiriwa.

Kwa Afande, hata hivyo, maji yalikuwa yamemwagika. Kwenye orodha ya macho mbele ya jina lake paliandikwa "hakufika", nafasi yake kapewa mwingine. Nikamfuata Matroni, mama mmoja mfupi ambaye hospitali nzima ikisikia hatua zake inachomekea mashati.

"Asiyefika anarudi mwisho wa foleni," akasema. "Na mwisho wa foleni daktari hatafika. Anaondoka Ijumaa jioni."

"Matroni, alifika. Alifika na beseni!"

"Nimesikia. Basi Alhamisi nitakuja ofisini kwenu, kampuni ikiri mbele yangu kwamba kosa lilikuwa la mfumo, si la mgonjwa. Nikisikia hivyo kwa masikio yangu, jina linarudi. Bila hivyo kila mtoro ataniambia alipotezwa na simu."

Haki kabisa. Nikaenda kwa Slaidi nikiamini ni jambo la dakika.

Akanisikiliza huku anapanga kalamu zake.

"Kampuni haiwezi kukiri. Na Zamu haina kosa, maana mimi ni mchangiaji wake. Kosa ni uzembe wako binafsi. Matroni akija, utasimama useme hivyo. Ijumaa utakabidhi funguo."

"Unanifukuza?"

"Nakupa nafasi ya kuwajibika."

Nilikwenda nyumbani, nikamweleza mke wangu. Akampakata mtoto, akawa ananiangalia tu. Hakuniambia nikubali, hakuniambia nikatae. Nikafikiria lile beseni. Nikasema, "Kazi nitapata nyingine. Jicho halipatikani."

Alhamisi Matroni akaja ofisini. Akaketi, akakataa soda, akaniangalia. Nikasimama.

"Matroni, mgonjwa hana kosa lolote. Nimekosea mimi. Nilibadilisha kitu ambacho sikukielewa, na kesho nakabidhi funguo."

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Yangeishia hapo, leo ningekuwa mtaani natembeza bahasha ya vyeti, na Slaidi angekuwa na fremu yake.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Subiri kidogo, Matroni," Slaidi akasema, anarekebisha tai. "Sitaki uondoke na wasiwasi juu ya vifaa tunavyotumia. Ngoja umsikie mwenye Zamu mwenyewe, akwambie kama maelezo yake hayako wazi. Tunafahamiana vizuri tu."

Akapiga simu ya video kwenye skrini kubwa ya ukutani, ileile ya njano. Akatokea mwanamama, kitambaa kichwani, pasi mkononi, nyuma yake lundo la nguo.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, dada. Mchangiaji wako."

Akasogea karibu na kamera. "Aaa! Ni wewe! Yule wa kufuta mstari!"

Slaidi akakohoa. "Dada, tupo na mgeni, tulitaka tu uthibitishe..."

"Mstari upi?" Matroni akauliza. Alikuwa ameshasogeza kiti mbele.

"Mama yangu, kaa nikueleze," yule dada akasema, akaweka pasi pembeni. "Nilipotengeneza itaMgonjwaSasa niliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: jihadharini, hii inaanza kuhesabu sifuri, ya zamani ilianza moja, usipopunguza moja kila mtu atapata cha jirani yake. Huyu bwana akaniandikia kwamba maneno ni mengi, yanaharibu ukurasa, tuweke 'Tofauti ni ndogo.' Nikakataa. Akaandika tena. Kila wiki yuko mlangoni! Kazi yenyewe naifanya bure, watoto wananililia, nguo hizi hapa. Nikamkubalia ili anipishe. Halafu akataka jina lake liwekwe kwa wachangiaji. Nikaweka. Basi. Huo ndio mchango wake wote duniani."

Slaidi akarekebisha tena tai ambayo haikuwa na kosa.

Halafu Kobe akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia Kobe akicheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

Matroni hakucheka. Alimgeukia yule dada kwenye skrini. "Na wewe ulikubali."

"Nilikubali, mama. Sina la kujitetea."

Kisha Matroni akamgeukia Slaidi. Akaitazama fremu, akamtazama tena yeye.

"Nina kijana wa jino aliyebakiza kidogo apasuliwe jicho. Nina mjamzito aliyezunguka hospitali nzima anatafuta plasta ambayo hana. Na huyu hapa yuko tayari kufukuzwa kazi kwa ajili ya mstari ulioufuta wewe." Akainuka. "Jina la mzee limerudi. Kesho asubuhi aje bila beseni. Na huyu fundi nikija wiki ijayo nimkute kwenye kiti chake."

Ijumaa Afande akapasuliwa, wa mwisho kabla daktari hajafunga begi.

Jumamosi walimtoa bandeji. Tulikuwa wote chumbani. Mke wangu akamsogezea mtoto mpaka karibu na uso. Mzee akamwangalia. Akamwangalia tena.

"Huyu hafanani na mama yangu hata kidogo," akasema.

Mke wangu akanitazama.

"Kafanana na mkwe." Akavuta pumzi. "Maskini mtoto."

Halafu akalia. Yeye, Afande, akalia mbele yetu na jicho lake jipya, mpaka muuguzi akamkataza asiliharibu.

Alipotulia akaninyooshea mkono. "Nionyeshe hayo maneno."

"Maneno gani, baba?"

"Yaliyonipeleka nikazae."

Nikafungua ukurasa wa Zamu kwenye simu nikampa. Aliusogeza mbali, akaurudisha karibu. Kilikuwa kitu cha kwanza kukisoma mwenyewe baada ya muda mrefu, na alikisoma taratibu, neno moja moja.

"Tofauti... ni... ndogo."

Akanirudishia simu.

"Ndogo kwa nani?"

Mpaka leo sijapata mtu wa programu aliyenijibu hilo.

Jioni ile niliuandika upya ule mstari uliofutwa, nikampelekea yule dada, akaukubali kabla sijafunga kompyuta. Slaidi naye bado ni bosi, mnategemea nini? Juzi nimeona tangazo la kongamano: atakuwa mzungumzaji mkuu, mada ni umuhimu wa maelezo yaliyo wazi. Na chini ya mstari wangu ameshaacha maoni yake. Ameandika, "Ndefu mno."

Sijamjibu. Ila wewe unayesoma hapa, kama kazi yako ni kuandika maelekezo ya kitu chochote kile, programu, dawa, fomu, hata njia ya kufika kwako, usiniandikie mimi wala fundi mwenzio. Mwandikie mzee asiyeona vizuri, aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi na beseni mapajani. Yeye hatakuuliza swali. Atakuamini, na atafanya vilevile ulivyoandika.